Karatasi ya Tisa na ya Kumi na Nne

Siku tuliyomzika Bi Mejumaa kule Kikoneni, watu walipokwisha kunawa mikono na wanaume kuanza kutafuta viatu vyao, binti yake Riziki aliniita upande wa jikoni akanikabidhi kitu chembamba kilichofungwa ndani ya leso kuukuu. "Mama alisema hiki ni chako, Mwalimu," akaniambia. "Alisema pia usikikunje, maana wewe huwa unakunja kila kitu." Nilicheka, na kicheko kikatoka pamoja na machozi, kwa sababu ni kweli. Nilikijua kitu kile kwa vidole bila kukifungua: karatasi nene, ngumu kama ngozi iliyokauka, yenye vilima na mabonde. Wajukuu walikuja kuchungulia. Mmoja akauliza kama ndani mna ramani. Nikamwambia ni jiwe. Wakatazamana jinsi watoto wanavyotazamana mzee anapoanza kuchanganya maneno, nami sikuwalaumu, kwa kuwa maelezo ya karatasi ile yanahitaji mwaka mzima, na mwaka wenyewe ni ule wa uhuru.

Nilikuwa nimerudi Msambweni na shahada ya historia kutoka Kampala, koti moja la sufu, na hofu ambayo sikuwa na mahali pa kuiweka. Watu walinitazama kama mtu aliyekwisha kuwa bwana mkubwa. Mimi nilikuwa nangoja barua ya serikali ya kunipangia kazi, na kila siku iliyopita bila barua niliifasiri kwa namna mpya: labda jina langu limeandikwa vibaya, labda walijumlisha alama zangu kwa makosa na sasa ndio wamegundua. Mtu akinisalimu kwa haraka kuliko kawaida, nilikaa hadi adhuhuri nikijiuliza nimemkosea nini. Kwa hiyo niliposikia kuwa kuna bibi wa Kizungu huko Diani anayetafuta mtu wa kumsomea barua, nilikwenda na furaha ya mtu aliyepata pa kujificha.

Bi Otilia alikuwa mjane wa Kidenmaki, wa umri wa kuwa nyanya yangu. Alikuwa amekaa Diani miaka mingi hata Kiswahili chake kikawa na adabu zote za hapa, ila matamshi yalikuwa magumu kidogo, kama mtu anayesema huku akitafuna korosho. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Tulifanya kazi barazani, mahali palipozibwa kwa wavu upande wa bahari, kwenye meza ndefu ya mvule, na chini ya meza kulikuwa na sanduku la bati lililojaa barua za marehemu baba yake. Baba huyo, ambaye nyumbani mle aliitwa Profesa kana kwamba yumo chumba cha pili, alikuwa mmoja wa watu wa mwanzo wa kwao waliojifunza kusoma maandishi ya picha ya Misri ya kale. Sanduku lilikuwa limeahidiwa maktaba moja ya kwao Ulaya, na lilikuwa lichukuliwe kabla ya mwisho wa mwaka. Kazi yangu ilikuwa kumsomea kila barua na kuandika fahirisi: nani kaandika, lini, kuhusu nini.

Mimi nilidhani elimu huanzia chuoni, kwenye jengo lenye mlango mkubwa. Sanduku lile lilinionyesha kitu kingine. Elimu ya Misri ya kale ilianza bila chuo na bila cheti. Ilianza kwa watu waliokaa mbalimbali wakiandikiana. Mmoja alikuwa na jiwe nyumbani lakini hakujua kulisoma. Mwingine alikuwa amejitungia kamusi ya Kikopti, lugha ya makanisa ya Misri, ambayo ilibeba mabaki ya lugha ya mafirauni. Wa tatu alichora ndege na nyoka kwa wino pembeni ya barua yake, akauliza: "Kwako wewe, ndege huyu anatazama kushoto au kulia?" kwa kuwa mtu hawezi kujua aanzie wapi kusoma mpaka ajue ndege wanatazama wapi. Jibu lilifika baada ya wiki nyingi, likiwa limepishana baharini na swali jingine. Waligombana, wakatukanana kwa heshima kubwa, wakaulizana habari za wake zao. Na kulikuwa na barua ambazo Bi Otilia aliziomba nizisome mara mbili. Zile zilianza kwa maneno karibu yaleyale, awe mwandishi ni Mfaransa au Mjerumani: "Nilikosea. Soma hivi," kisha picha zikafuata kwa mpangilio mpya. "Hizo," akaniambia siku moja, "ndizo Baba aliniambia nizichukue kwanza nyumba ikishika moto."

Kiingereza nilikisoma kwa kujiamini. Kifaransa nilikisoma kama kasuku. Yeye alinisahihisha sauti, nami nilitoa maneno nisiyoyaelewa, na yeye akayaelewa. Ilikuwa kazi ya watu wawili wenye nusu nusu. Pamoja na barua kulikuwa na zile karatasi nene. Mchimbaji hulowesha karatasi, huilaza juu ya jiwe lililochongwa, huipigapiga kwa brashi mpaka iingie kila shimo, na ikikauka huibandua ikiwa na sura yote ya jiwe. Bi Mejumaa, mpishi wa nyumba, aliziita magamba ya nyoka na hakutaka zikae karibu na chakula. Lakini Bi Otilia alizipenda kuliko barua zote, kwa kuwa hizo aliweza kuzisoma mwenyewe, kwa vidole. Baada ya chai ya saa kumi aliiweka moja mapajani na kuipapasa polepole, uso wake ukielekea baharini, midomo ikichezacheza.

Chakula changu cha mchana nilikula jikoni na Bi Mejumaa, mkekani, karibu na ukili, ule msuko mwembamba wa majani ya mkindu unaoungwa kuwa mkeka, aliokuwa akiushona kila alipopata nafasi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kusikika hadi barabarani, na tangu siku ya kwanza aliniita Bwana Digrii. Siku moja ilimfikia barua kutoka kwa kaka yake wa Vanga, imeandikwa kama wazee wa kwetu walivyoandika: Kiswahili, lakini kwa herufi za Kiarabu. "Hebu nisomee, Bwana Digrii, tuone kama Kampala wamekuharibu." Nikasoma: salamu za watu kumi na saba kwa majina, mbuzi kazaa mapacha, paa linavuja. "Paa linavuja kwa sababu yeye ni mvivu," akasema Bi Mejumaa. "Hilo hakuliandika?" Tulikuwa tunacheka nilipomwona Bi Otilia amesimama mlangoni, mkono ukutani.

"Kumbe unajua Kiarabu, Hamisi," akasema. Uso wake ulikuwa umewaka kwa furaha. "Miezi yote hii umenyamaza!"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa nafasi pana, mtu angeweza kupita na ng'ombe. Ningesema: Bi Otilia, hiki ni Kiswahili kilichovaa nguo za Kiarabu, na Kiarabu chenyewe nilifundishwa kukisoma kwa sauti utotoni, kwenye chuo cha Kurani kwa Maalim wetu, sikufundishwa maana yake. Lakini nilikwisha kuwaza mbali: atajiuliza shahada gani hii, atajiuliza na Kiingereza changu, ataandikia mtu Nairobi. Nikasema, "Kidogo."

Akaniongoza barazani, akainama mwenyewe, akatoa chini kabisa ya sanduku bahasha iliyofungwa kwa utepe. Ndani mlikuwa na barua kumi na moja za Kiarabu kutoka kwa mtu aliyeitwa Abdulmunim, nyapara wa wachimbaji wa Profesa kule Misri ya juu. Ndiye aliyetoa zile karatasi za mawe, nakala mbilimbili. Tangu karani aliyekuwa akimsomea Profesa afariki, hakuna aliyezisoma. Kisha akaniomba nimsomee tena barua moja ya Kiingereza, ambayo tayari nilikuwa nimeipitia bila kuitilia maanani. Ilitoka kwa rafiki wa Profesa, naye aliandika juu ya jambo lililompa Profesa sifa yake: aliunganisha mawe mawili yaliyopatikana vijiji mbalimbali, akapata jina zima la mfalme ambaye kabla ya hapo alijulikana kwa nusu. "Umeandika kwamba wazo hilo lilikujia asubuhi moja ukinywa kahawa," rafiki alisema. "Ni kahawa nzuri sana. Nani aliyekuletea kikombe?"

"Baba hakuijibu," akasema Bi Otilia. "Nilikuwa msichana. Niliiona mezani wiki nzima, halafu akaifunika kwa kitabu. Nimeishi na swali hilo mpaka leo, na sasa sanduku linaondoka. Niambie Abdulmunim anasema nini."

Zilikuwa zimeandikwa mbiombio, bila irabu, wino umefifia. Nilitambua salamu na sifa za Mungu. Nilitambua jiwe, na karatasi. Nilitambua tarakimu mbili zilizorudiwa, tisa na kumi na nne. Kati ya hayo palikuwa na giza tupu. Na yeye alikuwa ameinamisha kichwa kunisikiliza, kama nilivyozoea kumwona, akiamini. Nikafungua mdomo, na mtu mwingine aliyekaa ndani yangu akasema kwa sauti tulivu, "Anasalimu. Anasema watu wa nyumbani hawajambo, na anamshukuru sana Profesa kwa wema wake."

"Zote kumi na moja?"

"Kwa jumla, zote."

Alitoa pumzi ambayo nadhani aliibana tangu usichana wake. "Basi kahawa ilikuwa ya Baba kweli," akasema, na akaniambia niandike kwenye fahirisi: barua kumi na moja za Kiarabu, kutoka kwa nyapara, salamu tu, hazina jambo la elimu. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa.

Siku ile Bi Mejumaa alikuwa amepika sima na mchuzi wa papa, chakula nilichokipenda kuliko vyote, nami nikakaa nikiutazama. "Kula, Bwana Digrii. Au papa amekuangalia vibaya?" Nilimweleza. Nilianza kwa kujitetea na nikamalizia kwa kunong'ona. Hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Aliendelea kushona ukili wake, akaunga pindo na pindo, akauma uzi. "Kwa hiyo umemsemea maiti," akasema. "Mtu kaandika mara kumi na moja, nawe umemjibia kwa mara moja. Huna haya?"

"Ninayo."

"Basi itumie. Si una Maalim wako kule Bodo?"

Kwa siku tatu, Bi Otilia alipojilaza baada ya chakula, nilinakili zile barua herufi kwa herufi, nikichora mikia na nukta nisizojua zinasema nini. Ndipo nilipowaelewa wale watu wa sandukuni: wao pia walikaa hivi, wakichora ndege wasiyemjua, wakiogopa kuacha hata unyoya. Ijumaa nikaenda Bodo.

Maalim Shee nilimkuta sebuleni kwake anashona kofia, karafuu imo shavuni kwa ajili ya jino. "Shikamoo, Maalim." "Marahaba, Hamisi. Sema polepole, jino linasikia." Alipata kuishi Makka miaka saba, na Kiarabu kwake kilikuwa lugha ya kununulia vitunguu. Nilimpa nakala zangu na kumweleza shida yangu. Akanitazama juu ya miwani. "Nilikufundisha kusoma miaka sita," akasema, "na hukuniuliza hata siku moja maneno yale yana maana gani. Wenzako waliuliza mpaka nikawapiga. Wewe ulikuwa kimya kama mtungi."

"Niliogopa kuuliza, Maalim."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba wengine wanajua."

Aliguna, sijui kwa sababu ya jino au yangu, akaanza kusoma. Mwandiko wangu ulimsumbua. Mara mbili alisema nimeandika kama kuku aliyekanyaga wino. Lakini barua ya tatu ilipofika aliisoma hadi mwisho bila kusimama, kisha akanifasiria. Abdulmunim alisema hivi: karatasi ya tisa, niliyoitoa kwenye kizingiti cha nyumba ya mtu, na karatasi ya kumi na nne, niliyoitoa penye kisima kijiji cha pili, ni za jiwe moja. Niliziweka chini kando kwa kando nikaona. Ufa uliotoka huku umeingia kule. Na kama bwana ataandika kitabu, naomba jina langu litajwe, kwa sababu mwanangu anajifunza kusoma.

"Katika ya sita anauliza tena kama kitabu kimetoka," Maalim akasema. "Kwa adabu sana. Ya tisa anauliza tena. Ya kumi na moja hakuuliza. Anasalimu tu." Akanirudishia karatasi. "Hiyo moja ulifasiri sawa."

Nilijua lazima niseme, na nilijua kwamba nikisimama mbele yake sitaweza. Nilikuwa nimejaribu: nilikwenda barazani mara nne, nikaishia kuuliza kama anataka mlango ufungwe. Kwa hiyo nilifanya kama walivyofanya watu wa sandukuni. Nilimwandikia barua. Niliichana nikaandika nyingine, nikaipeleka posta ya Msambweni nilipokwenda nyumbani, nikabandika stempu, nikaitumbukiza, na nikarudi Diani nikijisikia mwepesi. Wepesi ule ulidumu mpaka asubuhi iliyofuata, nilipokuwa napiga mswaki, ndipo nikakumbuka ni nani humsomea Bi Otilia barua zake.

Ilifika Jumamosi. Sanduku lilikuwa lichukuliwe Jumanne. Bi Mejumaa aliingiza barua zote kwenye sinia la chai, akautambua mwandiko wangu juu ya bahasha, akanitazama jinsi mtu anavyomtazama mbuzi aliyeingia kisimani mwenyewe. Nilisoma kwanza ya benki, halafu ya binamu yake wa Denmaki. Zikaisha.

"Imebaki moja," akasema Bi Otilia. "Nimesikia zikiwekwa tatu. Inatoka kwa nani?"

"Kwa mtu wa hapahapa."

"Soma."

Nikaifungua bahasha. "Mpendwa Bi Otilia," nikasoma. "Nilikosea. Soma hivi."

Mkono wake ulisimama juu ya kikombe. Jikoni, mbuzi ya nazi iliyokuwa ikikwaruza ilinyamaza. Nikasoma kwamba mwandishi hajui Kiarabu ila sauti zake, kwamba aliogopa, kwamba alichosema juu ya barua za Abdulmunim alikitunga. Nikasoma tafsiri ya Maalim neno kwa neno, pamoja na mwana anayejifunza kusoma. Nilipomaliza sikuinua macho. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Mwandishi ametia saini?"

"Ametia."

"Anaogopa nini mtu huyu?"

"Kuonekana kuwa hajui."

Akakisogeza kikombe pembeni. "Baba yangu aliogopa hilohilo," akasema. "Alikuwa mtu mwema, Hamisi. Alinibeba mabegani. Na alikuwa akiogopa hilohilo." Akajifuta uso kwa kitambaa cha chai. "Lete ya tisa na ya kumi na nne."

Nilizilaza mezani, lakini mikono yangu haikuweza kuzipatanisha. Niliziweka juu chini, nikazigeuza, nikazidi kuziharibu. "Ondoka hapo," akasema Bi Mejumaa, ambaye alikuwa ameingia bila kuitwa, mikono bado ina nazi. Akaifuta kwenye leso yake. Hakuangalia ndege wala nyoka. Aliangalia pindo, kama anavyoangalia ukili kabla ya kuushona, akaizungusha karatasi moja robo, akaisogeza mpaka zikagusana. "Huu ni ukili mmoja," akasema. "Umekatwa tu."

Bi Otilia aliweka kidole upande wa tisa, penye kile kitanzi ambacho Wamisri wa kale walizungushia jina la mfalme. Kitanzi kilikuwa na mwanzo bila mwisho. Akakifuata, na kandokando yake ufa ulioshuka kama mkondo, mpaka ukingoni, na kidole kikapita upande wa pili, na kitanzi kikafungwa. Akarudia. Akachukua mkono wa Bi Mejumaa akauongoza njia ileile, kisha wangu.

Jioni ile hatukupumzika. Aliniambia nifungue fahirisi kwenye ule mstari wangu mzuri. Nikataka kuufuta. "Usifute," akasema. "Piga mstari mmoja katikati, watu waone kilichokuwapo, kisha andika chini yake." Niliandika alivyotamka: Nilikosea. Soma hivi. Barua kumi na moja za Abdulmunim, aliyetambua kwamba jiwe la kizingitini na jiwe la kisimani ni moja, na aliyemwambia baba yangu. Zimefasiriwa na Maalim Shee wa Bodo. Karatasi zimeunganishwa na Bi Mejumaa wa Kikoneni. Akaweka saini yake, kubwa na iliyopinda, kwa kuwa hakuuona mstari. Halafu akasema, "Sasa mjibu yule mtu wa hapahapa, ni ufidhuli kuacha barua bila jibu." Nikachukua karatasi mpya nikajiandikia: Bwana mpendwa, barua yako imefika. Sahihisho limepokelewa. Kazi inaendelea Jumatatu. Akanilazimisha niipeleke posta.

Sanduku liliondoka Jumanne. Maktaba ilijibu kwamba imelipokea, na fahirisi imewekwa kama ilivyo. Tuliandika barua Misri mara mbili kumtafuta mwana wa Abdulmunim, au wajukuu wake. Hatukupata jibu, na hilo Bi Otilia hakulizoea mpaka alipofariki, mwaka wa pili wa uhuru. Barua yangu ya serikali nayo ilifika, nikapelekwa kufundisha Kwale. Miaka yote niliyofundisha nilikuwa na tabia moja ambayo wanafunzi waliicheka: nikikosea ubaoni sifuti, napiga mstari mmoja. Nakala za pili za zile karatasi mbili zilibaki Diani, na siku niliyofungasha Bi Otilia alitugawia. Mimi nilipata ya kumi na nne. Bi Mejumaa alipata ya tisa, akasema ataitia chini ya godoro, mbali na chakula.

Niliporudi kutoka Kikoneni nilifungua leso mchana ule ule, juu ya meza yangu. Siku hizi mtoto wa jicho ameniingia mimi pia, na niliona weupe tu. Lakini kwa vidole nilisikia uzi. Bi Mejumaa alikuwa amepiga pindo pande tatu za karatasi, kwa mshono ule wake wa ukili, ili isilike. Upande wa nne, wenye ufa, alikuwa ameuacha wazi. Nikatoa yangu ya kumi na nne, nikaizungusha robo, nikaisogeza mpaka ikagusa. Kisha nikaweka kidole kwenye kitanzi nikakifuata taratibu, na kidole kilipofika ukingoni hakikushuka, kikapita.